Ndege ya sentimita 20 na swali la 82

Nimekuwa kimya kwa wiki tano hivi. Wapo walioniuliza kwa barua pepe kama nimeugua, na mmoja akauliza kama nimeacha kuandika programu nikarudi shambani kupanda ndengu. Hapana jamani. Niko salama, na bado nakula jasho la kibodi. Kilichonimeza ni ndege. Tena si ndege ya kwenda Mombasa. Ni ndege ya kivita aina ya F-5E, na urefu wake ni sentimita 20.

Kwa hiyo leo hakuna hifadhidata wala seva. Leo nataka tuzungumze historia kidogo, kwa sababu ndege hiyo ndogo iliniletea nyumbani swali ambalo sikuwa na jibu lake. Au tuseme ukweli: jibu nilikuwa nalo, ila sikutaka kulitoa.

Kwanza nieleze mazingira. Tunaishi viungani mwa mji wa Kitui. Kazi yangu naifanyia nyumbani, kwenye meza moja ambayo asubuhi ni ofisi, saa saba ni mahali pa chakula, na jioni ni darasa. Mke wangu ni muuguzi, wiki moja zamu ya mchana, wiki nyingine ya usiku. Watoto ni watatu: binti wa miaka 11 anayeuliza maswali, mvulana wa miaka 8 asiyengoja majibu, na kitinda mimba wa miaka 2 ambaye huonja kila kitu kabla ya kukigusa. Ongeza kuku na mbuzi wa jirani anayejua kufungua lango letu, halafu uniambie ni mtu gani mwenye akili timamu angeanza kuunganisha vipande vidogo vya plastiki katika nyumba kama hiyo.

Sababu ni baba yangu. Yeye alikuwa fundi wa ndege za kivita, na F-5 ndiyo ndege aliyoihudumia miaka mingi kule Nanyuki. Sisi tulikuwa Kibwezi na mama. Alikuwa akija likizo na mfuko wake wa kijani, anakaa siku zake, anaondoka. Tulijua anatengeneza ndege, basi. Hatukuwahi kuiona hata moja kwa karibu. Sasa shemeji yangu anayeishi Uingereza alipokuja kututembelea, alitoa kwenye sanduku lake kiboksi chenye picha ya F-5E juu yake. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikana kwenye fremu kama majani kwenye tawi, karatasi ya maelezo na stika ndogo za kubandika kwa maji. Nikasema moyoni: hii nitaiunganisha, nimpelekee mzee.

Kwa nini 72?

Juu ya boksi pameandikwa 1:72. Hiyo ndiyo skeli, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72. F-5E halisi ina urefu wa mita 14.45, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya lingine ni mita 8.13. Gawanya kwa 72: unapata sentimita 20 na sentimita 11.3. Binti yangu alifanya hesabu hiyo kwa penseli nyuma ya daftari la Sayansi, nami nikaihakikisha kwa kompyuta kwa sababu ndivyo tulivyo sisi watu wa programu, hatuamini mpaka tuone.

Halafu akauliza swali ambalo na mimi lilikuwa linanisumbua. Mbona 72? Si ingekuwa 70 au 100, hesabu iwe rahisi?

Jibu liko kwa Waingereza na vipimo vyao. Futi moja ni inchi 12. Mtu mrefu ni futi sita, yaani inchi 72. Ukisema futi sita ziwe inchi moja, mtu huyo anasimama kwenye inchi moja, na skeli yako ni 1:72. Basi! Ni skeli iliyoanzia kwenye mwili wa mtu. Kampuni ya Skybirds iliuza ndege za mbao za skeli hiyo Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930, Frog wakafuata na za plastiki mwaka 1936, na Airfix wakatoa Spitfire yao ya kwanza mwaka 1953. Tangu hapo 1:72 imekuwa kama kiwango cha dunia nzima. Sisi watu wa kompyuta tunajua mambo haya: mtu mmoja anachagua namba kwa sababu inamfaa yeye siku hiyo, na miaka 90 baadaye bado dunia inaitumia.

Kuna kisa kingine kuhusu skeli hii ambacho watoto walikipenda sana. Mwaka 1942, Marekani ikiwa imeingia vitani miezi michache tu, Jeshi la Majini la nchi hiyo liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge ndege za mbao 500,000: aina 50, kila aina ndege 10,000, zote za 1:72. Hazikuwa za kuchezea. Zilikuwa za kuwafundisha wapiga mizinga na marubani kutambua ndege ya adui na ya rafiki kwa umbo peke yake. Ukiishika ndege ya 1:72 mita 10 kutoka kwa mtu, anaiona kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Kwa hiyo kijana aliyechonga bawa vibaya angeweza kusababisha mtu kupigwa risasi na wenzake. Mvulana wangu aliposikia hayo alinyamaza dakika nzima, jambo ambalo halijatokea tena.

Penye wengi

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakuwahi kuunganisha ndege nyumbani kwangu.

Siku ya kwanza harufu ya gundi ilimwamsha mke wangu aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Alitoka chumbani, hakusema neno, akafungua mlango wa nje na kuuelekeza kwa kidole. Tukahamia chini ya mwembe. Chini ya mwembe kuna upepo, na wanaoijua Kitui kabla ya mvua wanajua upepo huo unabeba nini. Rangi mbichi na vumbi jekundu zikipatana, unapata msasa. Tukasugua yote tukaanza upya.

Siku nyingine nilikuwa nabandika kioo cha rubani, usiku, watoto wamelala, nimeshika pumzi. Stima ikapotea. Nilipopata tochi, alama ya kidole changu gumba ilikuwa imeshakauka kwenye kioo, na iko pale mpaka leo. Mtu wa inchi moja akikaa ndani atakuwa anaiona dunia kupitia alama ya kidole changu.

Kitinda mimba naye aliing'ata pua. Hakumeza, tunashukuru, lakini alama mbili za meno zilibaki, na ilibidi nijaze kwa gundi na kusugua kwa msasa jioni mbili. Kisha kuna siku nilikuwa kwenye simu ya video na mteja, naeleza kwa utulivu kwa nini mfumo wake wa malipo ulichelewa, mvulana akaingia mbio akipiga kelele, "Baba, bomu limepotea! Bomu moja limepotea!" Mteja huyo ni mtu wa Mombasa, Kiswahili anakijua vizuri kuliko mimi. Ilinichukua muda kumweleza.

Lakini pigo kubwa lilikuwa bawa la kushoto. Tuliliacha mezani likikauke. Asubuhi halipo. Tulilitafuta siku mbili, chini ya makochi, kwenye unga, kwenye viatu, hata kwenye kinyesi cha kuku nilichungulia, msinicheke. Halikuonekana. Ndege ikakaa juu ya kabati na bawa moja, kama kuku aliyekamatwa nusu.

Na hapo ndipo swali lilipokuja.

Swali

Nilikuwa nimetoa bahasha ya karatasi za zamani za baba, nikitafuta jina sahihi la kikosi ili nijue cha kuandika kwenye kibao cha kuisimamishia ndege. Kati yake kulikuwa na cheti cha mafunzo cha miaka ya 1980. Binti yangu akakichukua, akasoma kwa sauti: "'82 Air Force." Akafikiri kidogo. Kisha:

"Baba, 72 ni skeli. Sasa 82 ni skeli gani?"

Nikasema si skeli, ni mwaka. Akauliza, mwaka wa nini? Nikamwambia amalize muthokoi wake akalale.

Mke wangu alikuwa anakunywa chai kabla ya kwenda kazini. Aliniangalia tu. Na mimi nilijisikia vibaya, kwa sababu lile lilikuwa swali langu mwenyewe. Nikiwa na umri wa miaka saba nilimuuliza baba neno hilo hilo, kwenye cheti hicho hicho, naye akaniambia niende nikafunge mbuzi. Miaka zaidi ya 30 imepita, na mimi nimeongeza kitu kimoja tu: badala ya mbuzi, muthokoi.

Usiku ule sikuandika msimbo hata mstari mmoja. Nilikaa nikajipangia jibu. Nalitoa hapa kama nilivyompa binti yangu kesho yake, maana nadhani kuna wazazi wengine wanaohitaji jibu hilo.

Jibu

Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964, miezi michache baada ya uhuru, kwa msaada wa Waingereza. Lilianza na ndege ndogo za mafunzo. Katika miaka ya 1970 likapata Strikemaster, kisha Hawker Hunter, zote za Uingereza.

Mwaka 1976 mambo yalikuwa moto. Idi Amin alidai kwamba sehemu za magharibi mwa Kenya ni za Uganda, na baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe mwezi Julai mwaka huo, aliitishia Kenya kwa kuwasaidia. Upande wa pili Somalia ilikuwa na ndege za MiG kutoka Urusi ya Kisovieti na madai ya siku nyingi juu ya kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Kenya ikaenda Marekani, na mwaka 1978 F-5 zikaanza kufika.

Kwa nini F-5? Hapa fundi wa programu ndani yangu anafurahi. Ilibuniwa na kampuni ya Northrop miaka ya 1950, wakati kila mtu alikuwa anatengeneza ndege kubwa zaidi, nzito zaidi na ghali zaidi. Wahandisi wa Northrop wakafanya kinyume. Walichukua injini ndogo sana, J85, iliyobuniwa kwa ajili ya ndege bandia ya kuhadaa rada za adui, wakaweka mbili, wakajenga ndege nyepesi kuzizunguka. Ndege ya bei nafuu, rahisi kuhudumia, ambayo nchi isiyo tajiri ingeweza kuimudu. Toleo la E, lenye nguvu zaidi, liliruka mara ya kwanza Agosti 1972. Aina zote zikijumlishwa, zilitengenezwa zaidi ya 2,000. Programu nzuri nazo huwa hivyo: ndogo, inafanya kazi yake, na mtu mwingine anaweza kuitengeneza ikiharibika.

Kisha ikaja Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Alfajiri, askari wa Jeshi la Wanahewa wa vyeo vya chini, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Waliiteka kambi ya Eastleigh na kituo cha redio cha Sauti ya Kenya. Leonard Mambo Mbotela, yule wa "Jee Huu ni Uungwana?", alilazimishwa kutangaza kwamba serikali imeangushwa. Nanyuki, marubani walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kupaa na mabomu waende kuipiga Nairobi. F-5 zilikuwemo. Mabomu hayakufika Nairobi, marubani waliyaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya. Kufikia mchana jeshi la nchi kavu lilikuwa limelizima jaribio hilo, lakini zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa, na maduka ya Nairobi yameporwa. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akashtakiwa, akanyongwa mwaka 1987.

Serikali ililivunja Jeshi la Wanahewa lote. Askari wake zaidi ya 2,000 wakatiwa mbaroni. Kikaundwa kikosi kipya chini ya uangalizi wa jeshi la nchi kavu, na Jenerali Mahamoud Mohamed, aliyeongoza kuzima uasi, akawa kamanda wake. Kikosi hicho hakikuitwa tena Jeshi la Wanahewa la Kenya. Kiliitwa '82 Air Force. Jina lile la mwanzo lilirudi mwaka 1994.

Ukiandika programu unajua jambo hili. Kitu kikivunjika kabisa na ukalazimika kuanza upya, unabadilisha namba ya toleo ili kila mtu ajue kwamba cha zamani na kipya si kimoja. Kwa miaka 12, kila mtu aliyevaa sare ile alibeba mwaka wa mvunjiko katika jina la kikosi chake, hata kama siku hiyo alikuwa bado kijana wa shule. Kisha namba ikaondolewa. Lakini kufuta namba ya toleo hakufuti yaliyotokea, na wala hakumjibu mtoto aliyekuta cheti.

Binti yangu alisikiliza yote. Akauliza jambo moja tu: "Babu alikuwa upande gani?" Nikamwambia ukweli, kwamba alijiunga mwaka 1984, hakuwemo. Na kwamba zaidi ya hapo, tukamuulize mwenyewe.

Kibwezi

Jumamosi tukafunga safari. Kutoka Kitui unashuka Mutomo, unapita Ikutha, unavuka mto Athi, na unaingia Makueni upande wa Kibwezi. Zamani barabara hiyo ilikuwa adhabu, sasa ni lami. Ndege ilikuwa kwenye boksi la viatu, imezungushiwa taulo, mapajani mwa binti yangu. Bawa moja. Mvulana alihesabu mibuyu mpaka akalala.

Baba aliifungua boksi juu ya meza ya uani. Nilidhani atauliza bawa liko wapi. Hakuuliza. Aliiinua mpaka karibu na macho, maana siku hizi haoni vizuri, akapitisha kidole chini ya tumbo lake, polepole, akisimama hapa na pale. Nikaelewa kwamba anatafuta vifuniko alivyokuwa akifungua. Kisha akagusa gurudumu la mbele.

"Umeliweka fupi," akasema. "Basi hii haiondoki leo."

Akaeleza kwamba gurudumu la mbele la F-5E lina hatua mbili. Ndege ikiegeshwa linakuwa fupi. Ikitaka kuruka linarefuka, pua inainuka, hewa inaingia vizuri chini ya mabawa, na ndege inaondoka kwa mbio fupi zaidi. Nikamtazama mzee wangu. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo kuhusu kazi yake. Kumbe nilichopaswa kufanya ni kumletea kitu kilichokosewa.

Kuhusu bawa, alienda nyuma ya nyumba akarudi na kipande cha mukau, tezo ndogo na kisu. Wanaoijua Ukambani wanaijua mukau, mti wetu wa ukame unaotoa mbao nzuri kama mahogani. Alichora bawa la kulia kwenye karatasi, akaigeuza, akaanza kuchonga. Mvulana akauliza babu amejifunza wapi. Baba akacheka, akasema Mkamba haulizwi swali hilo.

Ila lina jibu, na lenyewe linatokana na vita. Uchongaji wa biashara wa Wakamba huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, kule Machakos kwenye njia ya kuja Kitui. Alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa huko, akarudi nyumbani na ufundi huo. Kutoka Wamunyu ukaenea, mpaka wachongaji Wakamba wakaanzisha chama chao cha ushirika Mombasa mwaka 1963. Na vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoleta ndege za kijeshi karibu na hapa tulipokaa. Mwaka 1915 Waingereza walikuwa na ndege Maktau, na mwanzoni mwa 1916 kikosi cha 26 kikafika Mbuyuni na ndege za BE2c. Zote mbili ziko Taita Taveta, kusini mwetu. Ndege hizo zilikuwa za mbao na kitambaa. Kwa hiyo bawa la mukau si aibu hata kidogo. Ni kurudi kwenye asili.

Baba alipokuwa anasugua kwa msasa, binti yangu akauliza. Mimi nilitaka kumkatiza, mke wangu akanishika mkono.

"Babu, mwaka wa 82 ulikuwa wapi?"

Hakuacha kusugua. Akasema alikuwa na miaka 19, hapa hapa Kibwezi, dukani, amesimama na watu kumi mbele ya redio. Asubuhi waliambiwa serikali imeanguka, jioni wakaambiwa haikuanguka. Miaka miwili baadaye akaajiriwa. "Tulikuta kambi nzima," akasema, "vitanda, makabati, spana zimepangwa. Kabati langu lilikuwa na jina la mtu limekwaruzwa kwa msumari. Sikuwahi kujua alikuwa nani. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza."

Tukanyamaza. Kuku tu ndio waliokuwa wakiongea.

Mvulana, ambaye alikuwa ameishika ndege na kupiga "tututututu", akauliza kama babu alikuwa akiweka mabomu. Baba akamwambia ndiyo, wakati wa mazoezi. Kisha akamwita karibu. Akamwambia hii ni chombo cha kuua, asije akasahau kwa sababu ni ndogo. Akasema mwaka 2011, Kenya ilipoingia Somalia kupigana na al-Shabaab, majirani walikuja kumpongeza kwamba ndege zake ziko kwenye habari. "Nilifurahi kwamba zimeruka na kurudi salama," akasema. "Kazi yangu ilikuwa rubani arudi. Lakini nikajua kuna mtu chini ambaye naye alikuwa na nyumba. Usiku ule sikula."

Nimeandika maneno yake kama nilivyoyakumbuka, sikuyaongezea chumvi.

Kibao

Modeli yoyote, iwe ya ndege au ya data, ni kitu kilichopunguzwa. Huwezi kuweka yote. Kwenye 1:72 mtu anakuwa inchi moja, na vidole vyake havionekani kabisa. Jina lililokwaruzwa kwenye kabati haliwezi kuonekana kwa skeli yoyote. Ndiyo maana mabingwa wa modeli huchagua kwanza mwaka: ndege hii, kambi hii, mwaka huu. Usipochagua mwaka, unatengeneza ndege ambayo haikuwahi kuwepo. Nyumbani kwetu tulikuwa na historia ya namna hiyo, safi, imepakwa rangi vizuri, haina tarehe.

Nilimuuliza baba aandikwe mwaka gani. Akafikiri, akasema 1988, mwaka aliopandishwa cheo. Basi jina la kikosi mwaka huo ni lile lile la cheti. Binti yangu ndiye aliyeandika kwenye kibao kwa rangi nyeupe na brashi nyembamba: F-5E, 1:72, Nanyuki, 1988, '82 Air Force. Alama ya mwisho ilimwagika kidogo kwa sababu kitinda mimba alivuta kitambaa cha meza.

Nilitaka kulipaka rangi bawa la mukau lifanane na lingine. Baba alikataa. Sasa ndege iko kwenye kabati lake la sebuleni Kibwezi, bawa moja la kijivu na moja la kahawia, alama ya kidole changu kwenye kioo, gurudumu la mbele fupi, haiondoki.

Na lile bawa la plastiki? Lilipatikana Jumatatu tuliporudi Kitui, ndani ya kiatu changu cha mvua. Hakuna aliyekiri. Nimelitia kwenye bahasha pamoja na cheti.

Wiki ijayo tunarudi kwenye seva, inshallah na stima ikiwepo. Kwa sasa, kama una mzee nyumbani na cheti ndani ya bahasha, mtoto wako akiuliza, usimtume kufunga mbuzi.